Nguo za Seti au za Kuchanganya: Ulinganisho wa Kukusaidia Kupanga Kabati

Chukua nguo tisa. Ukiwa na nane za juu na moja ya chini, tuseme mashati manane na suruali moja, una mivao minane. Saba za juu na mbili za chini ni mivao 14. Sita kwa tatu, 18. Tano kwa nne, 20. Idadi ya nguo haijabadilika hata kidogo, lakini yule wa kwanza anaanza kurudia mvao siku ya tisa, na wa mwisho anakaribia wiki tatu.

Hesabu hiyo ina sharti moja gumu: kila nguo ya juu ipatane na kila nguo ya chini. Shati moja kati ya hayo matano likikubaliana na suruali moja tu, umepoteza mivao mitatu kwa mpigo. Ndiyo maana siku hizi sipimi nguo kwa uzuri wake ikiwa imetundikwa. Naipima kwa idadi ya nguo nyingine zitakazokubali kutoka nayo nje. Kwa kipimo hicho nitayapitia machaguo yanayomtatiza mtu anayetaka kabati dogo limvishe siku nyingi, na nitasema wazi ninapoegemea.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu uwiano. Kwa nguo 12, sita kwa sita zinakupa mivao 36, na nane kwa nne zinakupa 32. Unapoteza minne tu. Lakini shati linashika jasho kwapani na kwenye kola, na likivaliwa mara moja linataka maji. Suruali nzuri huvaliwa mara mbili au tatu kabla ya kufuliwa. Ukichagua sita kwa sita, utafika mwisho wa wiki suruali zikiwa bado safi na mashati yote yako kwenye tenga la nguo chafu. Nane kwa nne ndiyo hesabu inayoenda sawa na ratiba ya kufua, na mimi naichagua hiyo bila kusita.

Kuweka idadi au kuanzia kwenye kiini

Njia mbili za kuanza zinajulikana sana. Ya kwanza ni kujiwekea idadi. Mwaka 2010 Mmarekani Courtney Carver alianzisha Project 333: vitu 33 kwa miezi 3, viatu, vito na makoti vikiwa ndani ya hesabu, nguo za ndani na za kulalia zikiwa nje. Ya pili ni kuanzia kwenye kiini: vipande vichache imara visivyopitwa na wakati, kisha unaongeza vya msimu. Wazo hili anatajwa sana Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, kuwa ndiye aliyelieneza miaka ya 1970. Mwaka 1985 mbunifu Donna Karan akalipeleka jukwaani New York kwa vipande saba, msingi wake ukiwa nguo ya kubana mwili ambayo juu yake vingine vyote viliweza kuvaliwa.

Idadi inamfaa mwenye nguo nyingi anayetaka kupunguza, kwa sababu inamlazimisha kuamua. Kwa anayeanza na nguo chache haimsaidii sana. Unaweza kuwa na vitu 33 visivyojuana kabisa, na idadi isikuambie lolote. Kiini, kwa upande mwingine, kinakuambia ununue nini kwanza. Kama kabati lako limefurika, anza na idadi, kisha tafuta kiini ndani ya vilivyobaki. Kama ndiyo kwanza unajenga, sahau idadi.

Seti kamili au nguo mojamoja

Ninaposema seti, namaanisha suti, au blauzi na sketi, au koti na sketi, zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja.

Seti ina raha yake. Asubuhi hufikirii. Rangi ya juu na ya chini ni moja kwelikweli, maana zimetoka kwenye jora moja lililotiwa rangi kwa pamoja. Hata mtu asiyejua kupanga nguo akivaa seti iliyomkaa vizuri huonekana amejipanga. Kwa usaili wa kazi, mahakamani, au mbele ya watu wanaokuona kwa mara ya kwanza, sijaona kinachoishinda.

Udhaifu wake niliuona kwenye suti yangu ya kijivu, niliyoipenda kuliko nguo zangu zote. Koti lake hadi leo limesimama: bitana haijafumuka, vifungo vyote vipo, mabega hayajalegea. Suruali ndiyo iliyotangulia. Kwanza makalio yalianza kung'aa kama yamepakwa nta, kwa kukaa kitini na kwa pasi iliyokuwa ikipigwa moja kwa moja juu ya kitambaa bila kuweka kitambaa kingine katikati. Kisha ndani ya mapaja, pale panaposuguana mtu akitembea, kitambaa kikalika mpaka nyuzi zikawa zinahesabika. Siku suruali ilipokufa, koti lilibaki mjane. Lilikuwa na mistari myembamba ya wima, na mistari ile ilikuwa ikimwambia kila mtu kwamba lina mwenzake mahali fulani. Nililijaribu na jinzi, na suruali ya kaki, na nyeusi. Kote lilionekana kama limeazimwa.

Hapo nilijifunza mambo mawili ambayo sasa namwambia kila anayeniuliza. La kwanza: ukinunua suti, nunua suruali mbili za kitambaa hichohicho, siku hiyohiyo, uzivae kwa zamu. La pili: zipeleke nguo zote za seti kufuliwa pamoja hata kama koti bado ni safi, la sivyo suruali itapauka peke yake na baada ya mwaka zitakuwa rangi mbili.

Nguo mojamoja zinakupa kile ambacho seti haina, yaani ile hesabu ya kuzidisha. Lakini nazo zina mtego, na mtego wenyewe ni rangi zinazokaribiana. Suruali nyeusi na koti jeusi vilivyonunuliwa mahali tofauti mara nyingi haviwi weusi mmoja. Kimoja kina ubluu kwa mbali, kingine kina wekundu au ukahawia. Ndani ya duka, chini ya taa, huoni kitu. Ukitoka juani tofauti inajitokeza waziwazi, na mtazamaji anaona mtu aliyetaka kuvaa suti akakosea. Ikiwa rangi mbili haziwezi kuwa sawa kabisa, ziachanishe kabisa. Koti la kijivu cha kati juu ya suruali nyeusi linaonekana limekusudiwa. Vivuli viwili vinavyokaribiana ndivyo vinavyoonekana ni ajali. Kila mara ninapotaka kuoanisha nguo mbili, nazipeleka dirishani mchana, naziweka ubavu kwa ubavu, kisha naamua.

Kuna njia ya tatu ninayoipenda zaidi ya zote: seti inayokubali kuachana. Unaijua kwa kuangalia koti. Koti lisilo na mistari, lenye kitambaa kisichong'aa, kilichofumwa kwa mparuzo kidogo, na vifungo vya rangi inayokaribiana na kitambaa, litatembea hata bila suruali yake. Kwa upande wa wanawake, blauzi na sketi za kitambaa kimoja chepesi ni hazina. Zikivaliwa pamoja, mtu anaona gauni. Zikitengana, blauzi inaenda na jinzi na sketi inaenda na fulana nyeupe.

Hilo linanileta kwenye gauni lenyewe, ambalo kwa hesabu yetu ni nguo ngumu. Gauni moja, mvao mmoja. Unaweza kulivisha sweta juu likaonekana sketi, au kuvaa shati la mikono mirefu chini yake kama ni la mikanda, lakini bado halizidishi kama sketi inavyozidisha. Sisemi usiwe nalo. Gauni moja au mawili ya siku ambazo huna nguvu ya kupanga yanatosha, na yawe yale unayoweza kuyafunga mkanda.

Kwa hiyo nani achague nini? Anayetakiwa kuvaa suti siku tatu au zaidi kwa wiki achukue seti, suruali mbili, rangi moja isiyo na mistari. Wengine wote, nawasihi wajenge kwa nguo mojamoja.

Nyeusi au bluu iliyokoza

Kila kabati la kuchanganya lina rangi mama, ile inayobeba suruali, sketi na koti. Wengi huchagua nyeusi bila kufikiri mara mbili, na naielewa sababu: iko kila mahali, ni rahisi kuipata, na mtu huonekana nadhifu nayo. Ila nyeusi ina gharama zake. Inaonyesha vumbi, unyoya na nyuzi za taulo. Ya pamba inapauka haraka ikianikwa juani, ikaishia kwenye kijivu kisicho na jina. Tena kila nyeusi unayoongeza inabidi ipatane na nyeusi zilizotangulia, jambo ambalo tumeona si rahisi.

Bluu iliyokoza, ile inayokaribia usiku, inapatana na viatu vyeusi na vya kahawia. Nyeupe, kijivu, kaki, krimu, waridi, damu ya mzee na kijani cha jeshi zote zinakaa nayo kama chanda na pete. Kasoro yake ni kwamba bluu kwa bluu ni ngumu kuoanisha, na karibu na nyeusi huonekana kama kosa ikiwa imekoza mno. Dawa ni kuifanya iwe rangi ya nguo za chini na koti moja tu, si ya kila kitu.

Kijivu ndiyo rangi yenye marafiki wengi zaidi, na ndiyo inayonisaidia pale mbili hizo zinapogombana. Tahadhari moja tu: fulana ya pamba ya kijivu hafifu inaonyesha jasho kuliko rangi nyingine yoyote ninayoijua. Iweke kijivu kwenye sweta na suruali.

Kati ya nyeusi na bluu iliyokoza, mimi nachagua bluu kwa nguo na nyeusi kwa mkanda, viatu na begi. Lakini kama tayari una suruali tatu nyeusi nzuri, usizitupe ili kunifuata. Rangi mama ni ile uliyo nayo nyingi na inayokukaa vizuri usoni. Jenga juu yake.

Kuhusu rangi za kuchangamsha, watu huuliza ziwe juu au chini. Juu. Ni karibu na uso, na nguo za juu ndizo nyingi, kwa hiyo zina nafasi ya kubadilika. Suruali ya haradali inakumbukwa. Ukiivaa Jumatatu na tena Alhamisi, wenzako wanajua. Suruali ya bluu iliyokoza ukiivaa siku hizohizo hakuna atakayehisi. Chagua rangi moja au mbili za kuchangamsha na uzirudie: blauzi ya damu ya mzee, sweta la damu ya mzee, skafu yenye uzi wa rangi hiyo. Ukiwa na rangi tano za kuchangamsha, kila moja itadai suruali yake.

Na maua, mistari, vidoti? Nguo yenye mchoro inaweza kuwa daraja. Sketi ya maua yenye bluu iliyokoza, nyeupe na damu ya mzee ndani yake itapokea blauzi za rangi zote tatu, na hapo nguo moja imeunganisha kabati zima. Mchoro wenye rangi ambazo huna hata moja kati yake utakulazimisha kununua nguo mpya ili uuvae. Kabla ya kulipa, hesabu rangi zilizomo kwenye mchoro, kisha hesabu ngapi kati ya hizo unazo nyumbani. Zikiwa chini ya mbili, irudishe.

Jinzi au kadeti

Hapa kuna kisa kinachoeleza mengi. Mwaka 1873 Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza Marekani, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kukaza mifuko ya suruali za kazi kwa ribiti, vile vidude vidogo vya shaba vya kubana kitambaa, ili isichanike. Ribiti hizo bado zipo, pamoja na mishono ya uzi wa rangi ya chungwa, na ndizo zinazoyaambia macho kwamba hii ni nguo ya kazi ya mikono. Kwa hiyo kadiri alama hizo zinavyopungua, ndivyo jinzi inavyopanda ngazi. Jinzi ya bluu iliyokoza, isiyochanika wala kupauka, yenye uzi unaofanana na kitambaa, itabeba koti na shati la kola. Jinzi iliyopauka magotini itabeba fulana na itaishia hapo.

Kadeti, ile suruali ya pamba isiyo ya jinzi, inaanzia ngazi ya juu kidogo na inakwenda pande zote mbili, fulana au koti. Inakunjamana haraka kwenye nyonga na inadai pasi, wakati jinzi haidai. Ukiwa na nafasi ya suruali nne, zigawe: jinzi moja iliyokoza, kadeti moja ya kaki au kijani cha jeshi, na mbili za kitambaa laini za rangi mama. Anayevaa sketi abadilishe mbili kati ya hizo kuwa sketi, moja iliyonyooka na moja yenye mwendo.

Angalia pia lebo ya ndani. Jinzi yenye nyuzi za kuvutika kiasi cha asilimia 2 ni raha kukaa nayo, ila maji ya moto na mashine ya kukaushia huziua nyuzi hizo, na magoti yakishavimba hayarudi. Ifue kwa maji baridi, ianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Kitambaa: kinachokaa kwenye ngozi na kinachokaa juu yake

Pamba hunyonya unyevu kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake ikiwa katika hewa ya kawaida, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Tofauti hiyo unaihisi mgongoni. Poliesta haikunjamani, inakauka upesi na inashika rangi muda mrefu, lakini jasho linabaki juu ya ngozi na harufu inaganda kwenye nyuzi. Kwa hiyo kinachogusa kwapa kiwe pamba au kitani, na poliesta ikae kwenye suruali, sketi na makoti, ambako kutokunjamana ni faida. Mchanganyiko wa hizo mbili ni suluhu nzuri kwa mashati ya kazini kama hupendi pasi. Kitani ni baridi na kizuri, ila kinakunjamana unapokaa tu. Kinunue kama unaupenda mkunjo wake.

Watu wengi huoanisha rangi wakasahau mng'ao na uzito. Blauzi ya kitambaa chororo kinachong'aa juu ya jinzi isiyong'aa inapendeza, maana tofauti ni wazi. Blauzi inayong'aa kidogo juu ya sketi inayong'aa kidogo, kila moja kwa namna yake, zinagombana hata kama rangi ni moja. Kanuni ni ileile ya nyeusi mbili.

Nguo ya tatu: bleza, kardigani au jaketi la jinzi

Rudi kwenye ile hesabu ya tano kwa nne, mivao 20. Ongeza koti moja linalopatana na zote: unaweza kulivaa au kutolivaa, na mivao inakuwa 40. Ongeza la pili, 60. Hakuna nguo nyingine inayokulipa namna hii, kwa hiyo nawaambia watu watumie muda wao mwingi zaidi hapa.

Bleza inapandisha kila kitu ngazi moja. Fulana na jinzi vikivaliwa chini ya bleza vinaweza kuingia kwenye mkutano. Isipokukaa mabegani, iache. Fundi anaweza kupunguza mikono na kubana kiuno, lakini bega ni kazi kubwa ya kufumua koti zima, na mara chache hurudi sawa. Simama, ning'iniza mikono, tazama mshono wa bega: uishie pale bega lako linapoishia. Ukipita nje, umevaa koti la mtu mwingine.

Kardigani inasamehe zaidi. Haina bega gumu, inaingia kwenye begi bila kukunjamana, na inafaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Ila sweta la nyuzi dhaifu hutoa vinundu chini ya makwapa na pale mkanda wa begi unaposugua, na likishatoa vinundu linashusha kila kilicho chini yake. Lisugue kitambaa kwa kitambaa dukani, mara kumi hivi. Likianza kutoa manyoya hapo hapo, liache.

Jaketi la jinzi ni la tatu kwangu. Linapendeza juu ya gauni na juu ya kadeti, lakini juu ya jinzi linarudisha tatizo la rangi zinazokaribiana, na kazini wengi hawawezi kulivaa. Kama kazi yako haina masharti ya mavazi, linaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza.

Urefu nao unaamua. Koti fupi linaloishia kiunoni linataka suruali au sketi ya kiuno cha juu. Kardigani ndefu inataka suruali nyembamba chini yake. Ukinunua koti la urefu wa katikati ya nyonga, litazikubali zote mbili.

Viatu na pindo

Viatu sitavilinganisha kwa kirefu. Jozi tatu zinatosha kuanzia: moja rasmi, moja ya kutembea, moja ya wazi. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba kiatu ndicho kinachoamua urefu wa suruali. Pindo lililokatwa kwa kiatu chenye kisigino litaburuza chini ukivaa cha bapa, na lililokatwa kwa cha bapa litaning'inia juu ya kifundo ukivaa cha kisigino. Suruali ya kuchanganya inatakiwa ikubali viatu viwili. Siku ya kupunguza suruali, beba jozi mbili unazozivaa zaidi, zivae zote mbele ya kioo, na umwombe fundi aweke pindo katikati ya vipimo viwili. Mwambie asikate kilichobaki. Sentimita nne zikikunjwa ndani hazionekani, na zinaweza kushushwa tena.